Gundi Haijakauka

Baba hakujua kusoma.
Alijua baiskeli.
Kibanda chake, Arua, njia ya kwenda Rhino Camp:
nguzo nne, turubai,
beseni la maji la kuusakia upepo unaotoroka.

Jioni, mteja wa mwisho akinung'unika,
aliniketisha juu ya debe lililopinduliwa.
"Letaru, soma."
Nikasoma Kiingereza cha darasa la nne.
Yeye, wa Kilugbara na Kiswahili cha kuokota kwa askari,
hakudaka hata neno.
Alikwangua mpira kwa msasa,
akapaka gundi, akaipuliza, akangoja,
nami nasoma.

Siku moja njaa ilinishika.
Mama alikuwa keshasonga enyasa,
harufu ya maharage imenifuata hadi barabarani.
Nikaruka mistari sita,
nikafunga kitabu kwa adabu zote
kama mtu aliyemaliza.
Baba hakuinua uso.
Aligusa gundi kwa ncha ya kidole.
"Rudia," akasema. "Haijakauka."

Nilidhani ni mchawi.
Ilinichukua miaka kuelewa:
ukurasa mmoja, kiraka kimoja.
Alinipima kwa kipimo alichokuwa nacho.

Kisha akatia sahihi:
dole gumba, jeusi la grisi,
pembeni mwa wino mwekundu wa mwalimu.

"Nani anachafua daftari hili?"
aliuliza Mwalimu Onzima mbele ya darasa.
"Baba, Mwalimu. Anasahihisha."
Walicheka mpaka madawati yakalia.
Mwalimu hakucheka.
Jumamosi alikuja kibandani
akisukuma baiskeli isiyo na pancha.
Sikusikia walichoongea.
Niliona tu baba akimsogezea lile debe langu.

Muhula wa pili tulipita penye ubao wa matangazo.
"Nisomee na hiyo."
Nikasoma: jengo la darasa la tano,
mabati arobaini na manane.
Baba akarudi nyuma hatua kumi,
akatazama paa, midomo ikicheza.
Thelathini na sita.
Akazunguka, akahesabu tena kutoka upande wa choo.
Thelathini na sita.

Mkutano wa wazazi ulikuwa na wazazi tisa,
wawili wao wamejificha mvua.
Baba alisimama, kofia mkononi.
"Mimi karatasi sizijui," akasema.
"Mabati nayajua."
Akataja hesabu yake, akaketi.
Mwenyekiti alikohoa muda mrefu
kwa mtu asiye na kikohozi.

Mabati kumi na mawili yalirudi usiku.
Tuliyakuta asubuhi yameegemea ukuta,
na hakuna aliyeuliza yalikolala.
Lakini mkutano uliofuata viti havikutosha.
Mama Ayikoru wa sokoni alikuja na mizani yake,
akaupima unga wa uji mbele ya watu,
na kina mama wakagawana siku za kukoroga,
wakagombania Jumatatu.
Mwalimu Onzima akaanza kufika kabla ya kengele,
maana getini daima palikuwa na mzazi
asiyefanya chochote, amesimama tu,
anamsalimia.

Nisitie chumvi. Haikuwa pepo.
Choo cha wasichana kilingoja miaka mingine mitatu.
Kaka yangu Adriko, aliyesoma juu ya debe lilelile,
aliacha darasa la sita akafuata tumbaku,
na baba aliendelea kuliweka lile debe nje
kila jioni, wiki nzima,
bila mtu juu yake.

Daftari ninalo. Wino mwekundu umepauka;
grisi haijapauka.

Leo mwanangu ananisomea
nami nina simu mkononi, nina sufuria jikoni,
nina uchovu wa watu watatu.
Ameruka mistari. Nimesikia.
Naweza kumwacha, na chakula kiko tayari.
Naiweka simu chini,
nanyoosha kidole, nagusa meza
kama vile kuna kitu hapo
ambacho bado kinanata.